Castory Apanda Ngazi

Mzee Castory wa Pongwe alikata mkonge miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo ua la mkonge hakulipa hata salamu. Ndipo akaja Hafsa, mtafiti wa bakteria kutoka mjini, akamwajiri apande ngazi hadi kwenye maua, juu kabisa ya mlingoti wa mkonge, akusanye chavua, ule unga wake wa njano.

Katika chavua hiyo Hafsa akakuta bakteria asiyemo kwenye orodha yoyote duniani. Ukoo alishampatia, jina bado. Vijana wa bodaboda wakaanza kumwita Castory "Profesa", naye, bila haya, akawa anaitika.

Siku moja Hafsa akaja nyumbani na fomu aliyoijaza mzee mwenyewe. Akasoma: "Ua la mkonge, mita sita kutoka ardhini." Akatabasamu. "Mzee, uainishaji wote umeegemea hapa, kwamba bakteria huyu anaishi juu mauani. Kesho natuma."

Castory akaomba maji. Akanywa, akaomba mengine.

"Baba Anastazia, una nini?" akauliza Ruthi, mkewe.

"Mwanangu Hafsa," akasema mzee, "mimi ngazi naiogopa. Mlingoti niliuangusha kwa panga. Maua niliyaokota chini, mchangani."

Mimi jirani yao, niliyekuja kuazima jembe, wallahi nilitaka kucheka. Nikauona uso wa Hafsa, nikakimeza kicheko.

"Huenda basi ni bakteria wa mchangani tu!" akasema, machozi yakimlenga. "Kazi ya miaka miwili, mzee!"

Asubuhi yake Castory akaegemeza ngazi kwenye mlingoti mwingine, Ruthi akaishika. Barakoa mdomoni, maana Hafsa hakutaka mate kwenye maua, kwa hiyo watakatifu wote aliwaita kimoyomoyo. Kupanda, dakika kumi. Kushuka, saa nzima, tukimbembeleza kama bi harusi. Nilimwonea huruma kweli.

Wiki tatu baadaye jibu likatoka: bakteria yumo hata kwenye maua ya juu, yule yule. Hafsa alikuja mbio na fomu mpya. Castory akaomba kwanza ile ya zamani. Akakata "mita sita", akaandika polepole: "Mchangani. Nilidanganya. Castory."

"Lakini mzee, hiyo naitupa," akasema Hafsa.

"Basi itupwe ikiwa ya kweli," akajibu, akavuta ile mpya.