Honi ya Lori ya Majani

Wiki iliyopita mtu aliweka picha ya ua wangu kwenye grupu ya wakaazi. Nimerudi nyumbani Bomet kujenga katika shamba aliloniachia nyanya, na chama cha mtaa kinasema nguzo zangu nne zimeingia barabarani, pale konani. Wacha nikuambie ukweli: nilikasirika. Niliandika ujumbe mrefu, nikaandika mwingine. Nilipokuwa kwenye wa tatu, lori ya majani chai ikapiga honi kule kwenye kona, na kidole kikasimama.

Honi hiyo ndiyo iliyokuwa ikifunga mikutano tulipokuwa watoto. Chama hakikuwa na ofisi. Watu walikutana kwenye banda la kupimia majani, saa nane hivi, kwa sababu kila mtu alikuwa pale na kikapu chake akingoja lori. Mvua ya mchana ilipiga mabati mpaka watu wakapigiana kelele. Sisi watoto tulikaa juu ya magunia tukila mahindi ya kuchoma, katikati ya ile harufu ya majani mabichi ambayo hata leo ikinipata nasikia njaa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wetu wa darasa la tatu, na sheria yake ilikuwa moja: honi ikilia, mkutano umeisha, mmeamua au hamjaamua.

Hakuna aliyeijua sheria hiyo kama Kogo, nyanya yangu. Barabara ilikuwa nyembamba sana pale konani kwake, na chama kilikuwa kinamwomba ang'oe mstari mmoja wa chai ili lori ipite vizuri. Mstari mmoja tu. Lakini huo aliupanda na babu, na babu alikufa kabla hajauchuma hata mara moja. Kila mtu alijua hivyo, kwa hivyo hakuna aliyetaka kumlazimisha.

Basi ajenda ikifika kwa kona, Kogo anasimama. Anasalimia wazee, anasalimia akina mama, anauliza josho la ng'ombe litatengenezwa lini, anakumbusha watu mvua ya mawe ya zamani. Anaongea, wewe! Mpaka honi inalia. "Haya, tutamaliza siku ingine," anasema akijifunga leso, na mwalimu anafunga daftari huku watu wakicheka. Alifanya hivyo mikutano mitatu.

Mkutano wa nne, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Kogo alisimama kama kawaida. Josho akalimaliza, mvua ya mawe akaimaliza, akaanza habari za ng'ombe wa shangazi yake. Akatazama barabara. Honi hailii. Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka upande wa ziwa na ambaye ndiye alikuwa rafiki yake mkubwa, akamwambia kwa upole, "Endelea, Mama. Leo tuko na wakati."

Watu walicheka sana. Halafu dereva akatokea kwa miguu, matope mpaka magotini. Lori ilikuwa imelala mtaroni, pale pale konani.

Ilipovutwa ikafika, jua lilikuwa linatua. Majani yalikuwa yamepata joto na kuwa mekundu, na karani wa kupima akayakataa yote. Nilimwona yule jirani akimwaga kikapu chake nyuma ya banda, kazi ya siku nzima, yeye na watoto wake. Kogo akamwaga chake kando yake.

"Ni mimi," alisema.

"Ni mvua, Mama."

"Ni mimi."

Asubuhi tulimkuta shambani na jembe. Mzizi wa chai huenda chini kabisa, na yeye alikuwa analia waziwazi huku akiutukana kwa Kipsigis. Jirani alikuja na jembe lake, akaanza upande ule mwingine bila kuuliza. Mwalimu akafuata, na wengine. Mchana Kogo aliwapa wote ugali na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, na hakuna aliyemwambia asante, maana angelia tena.

Leo banda halina hata bati moja. Mwalimu hayuko, jirani hayuko, Kogo tulimzika pale juu. Siku hizi unagombana na watu ukiwa peke yako jikoni, na simu haina mtu wa kukucheka mpaka uone haya. Jamani, nimewakosa.

Nilitoka nje. Lori ilikuwa imesimama konani, inapiga honi, inarudi nyuma, inajaribu tena. Nguzo zangu nne ziko pale pale ulipong'olewa mstari wa babu.

Nilifuta ujumbe wote. Nikaandika: "Nazitoa kesho asubuhi. Mwenye jembe aje, chai iko." Kisha nikakaa na simu mkononi, nikitamani sana mtu mmoja tu anijibu, "Endelea, Mama."