Kambare Aliyebaki Kwenye Bomba

Wiki iliyopita jino lilinipeleka kliniki moja hapa Makindye, na pale mapokezi, ndugu yangu, nikamwona. Kambare mdogo mweusi amejibandika kwenye kioo cha tangi, ndevu zimemtoka puani kama mizizi, ananyonya ukungu wa kijani bila kumjali mtu. Jino nililisahau. Nilitoka nje nikasimama barabarani mpaka waliponiita mara ya pili.

Mimi nililelewa kambini. Nyumba zetu za askari zilikuwa za mabati, chumba na sebule, ukikaanga kitunguu jirani anajua. Katika nyumba kama hiyo baba alileta tangi la samaki lenye kambare wawili, dume na jike, alilopewa na mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Mama alilalamika wiki nzima. Tangi lilikula nafasi ya kabati la vyombo, na kama hiyo haitoshi, baba akaenda Port Bell akaokota kipande cha gogo lililolowa ziwani, akakichemsha katika sufuria ya kusongea posho, ugali wetu, eti kambare wa aina hii hupenda kutafuna mti. Mama aliisugua ile sufuria kwa majivu huku akiongea peke yake.

Nilikuwa na miaka tisa, kifungua mimba, na baba alinifundisha kila kitu. Tango lichemshwe kidogo tu, lifungwe kwenye jiwe lizame, likibaki litolewe lisichafue maji. Siku tango halipo, mchicha tunaouita dodo, kutoka soko la Kalerwe. Maji ya mfereji yalale ndooni siku nzima kabla ya kuingia, maana yana dawa. Dume ndiye mwenye ndevu nyingi, na dume ndiye mlezi: jike akishataga anakwenda zake, dume anabaki ndani ya kipande cha bomba la plastiki tulichowawekea, anayapepea mayai kwa mapezi, hali kitu.

"Akiingia kwa bomba, usisumbue yeye," baba aliniambia. "Hiyo iko kwa lindo. Hata ukiona haikuli, wacha."

Kisha akatumwa kazi nje ya nchi. Kila Jumapili alipiga simu kwa jirani yetu, mama wa Kinubi wa nyumba ya pili, nasi tukaenda kusubiri zamu zetu. Mama aliongea naye kwanza. Nikipewa simu mimi, swali lake lilikuwa moja: "Wametaga?" Bado, baba. Jumapili baada ya Jumapili, bado. Nikaanza kuona kwamba kosa ni langu.

Jumatano moja nilimulika tochi ndani ya bomba nikayaona: kishada cha mayai ya rangi ya chungwa, na dume juu yake anapepea. Sikumwambia hata mama. Habari ile ilikuwa ya baba, nikaibana mpaka Jumapili.

Ijumaa akaja ofisa pamoja na padri. Kambini, wawili hao wakionekana wanatembea pamoja, kila mwanamke aliye mlangoni anaomba wapite. Siku hiyo waliingia kwetu.

Msiba wa kambini haukuwa wa mwenye nyumba. Majirani walitoa viti, wakatoa kitanda, wakatandika mikeka, wakawasha moto nyuma ya nyumba. Ndugu za baba walikuwa njiani kutoka kaskazini, na nyumba ilitakiwa iwe safi. Mama wa Kinubi, ambaye Mungu anajua alitupenda, akalitazama tangi.

"Hii maji iko kijani sana. Wageni watasema nini? Toeni hii kitu nje."

Wakayachota maji kwa beseni wakayamwaga mtaroni. Jike walimtia kwenye ndoo ya maji ya mfereji. Bomba waliliweka juu ya ukuta wa baraza, juani. Hakuna aliyejua kuna kitu ndani, maana dume alikuwa ametanua miiba yake, amejikaza, hatoki.

Mimi nilikuwa nimekalishwa mkekani kando ya mama, na kupitia mlangoni nililiona bomba. Niliinuka. Mwanamke mmoja akanivuta gauni: "Kaa. Mtoto ya marehemu hakimbii-kimbii." Nikakaa. Ningeweza kusema. Neno moja tu, na mama wa Kinubi mwenyewe angekimbia na ndoo. Lakini watu wanamlilia baba, nami niseme nini, samaki? Niliona aibu, ndugu yangu. Nikakaa nikilitazama lile bomba mchana kutwa.

Waliponiruhusu kwenda msalani nilikwenda moja kwa moja barazani. Dume alikuwa amekauka juu ya mayai, mapezi yamenata kwenye plastiki. Nilipiga ukelele uliowatoa wanawake wote jikoni. Walinibeba, wakaninawisha uso, wakalia pamoja nami, wakishukuru kwamba hatimaye machozi yamenitoka.

Baada ya mazishi tulihama, kwa sababu nyumba ya askari ni ya askari. Yale mabati yameshabomolewa, na mama wa Kinubi ametangulia. Mama yangu ninaishi naye. Wageni wakija, huwasimulia jinsi bintiye alivyokaa kimya siku nzima, kisha akamlilia baba yake mpaka kambi ikanyamaza. Wageni hunitazama kwa huruma, nami huinuka kwenda kuongeza chai. Baba sikumlilia siku ile, wala siku nyingine yoyote, na mama hajui.