Biira, Fundi Rangi Aliyetaka Binti Yake Abaki Mfupi

Biira ananyoosha mkono na brashi inafika chini ya paa. Hana ngazi wala meza ya kusimamia. Wenye maduka wa mji wa Bwera, magharibi mwa Uganda, wanamgombania kwa sababu hiyo.

"Ngazi ya nini? Mungu alinipa yangu," anasema akicheka, rangi ya kijani ikimdondokea shavuni.

Ana urefu wa mita moja na sentimita themanini na tatu. Mama yake alikuwa hivyohivyo, na dada yake Rusi pia. Wote wawili wamekufa kwa saratani ya matiti, Rusi mwaka jana tu. Nyumbani kwao, kila Krismasi watoto husimamishwa kwenye mwimo wa mlango wapimwe, na aliyerefuka kuliko wenzake hupewa paja la kuku.

Desemba iliyopita paja lilikwenda kwa Kabugho, bintiye wa miaka kumi na mitatu. Biira hakushangilia. Siku chache kabla, akipaka duka moja, alimsikia daktari redioni akisema urefu na saratani vinaweza kutokana na vinasaba vilevile. Mwenye duka akahamisha redio kwenye mpira, na maelezo mengine yakampita.

"Nikaona mutoto anapanda tu," anasema, na sasa hacheki. "Nikasema kumbe urefu ndio iliua mama, ikaua Rusi. Nikaanza kumupunguzia chakula, abaki mufupi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia. Maziwa alikata, mayai alikata, maharage kijiko kimoja, kwa miezi mitatu. Mimi ni mzazi, na sifichi kwamba nilishikwa na hasira palepale kando ya ukuta aliokuwa akiupaka. Mumewe Kosmasi, anayelima mpunga Mubuku na kurudi mara mojamoja, hakujua lolote mpaka Kabugho alipozirai shuleni.

Kwenye zahanati alikopelekwa Kabugho, muuguzi Atuhaire alimkalisha Biira kwanza.

Atuhaire ananiambia: "Nikamweleza kuwa baadhi ya vinasaba vinavyorefusha mifupa vinahusika pia na jinsi chembe za mwili zinavyoongezeka. Ndiyo maana warefu hatari yao ya saratani imezidi. Imezidi kidogo tu, na wengi hawaugui. Ukimnyima mtoto chakula, vinasaba vinabaki vilevile, na mtoto anaharibika."

Kisha akamuuliza: mama na dada wamekufa kwa saratani ya matiti, wewe ulipimwa lini?

Biira anakiri: "Mutoto nilikuwa napima kila siku na kamba. Mimi mwenyewe, hata siku moja."

Aliahidi kurudi zahanati apimwe, hakurudi. Anaweka brashi chini na kugusa kwapa lake la kushoto.

"Iko kitu hapa. Tangu Pasaka."

Ananitazama kama anayenionea huruma.

"Jumatatu sipaki, naenda hospitali. Kabugho ndiye alisema twende, na atanisindikiza. Leo amekula mayai mbili." Anaiokota brashi. "Krismasi nataka nisimame naye pale mulangoni. Nimuone amenipita."