Askari wa Vidimbwi Vitatu

Alikuwa askari wa hifadhi, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake kubwa ilikuwa kutembea. Kila mwezi alishuka korongoni siku mbili, akapima kwa fimbo vidimbwi vitatu wanakokunywa mbuzi wa mwituni. Jangwa lote lile halikuwa na maji mengine. Magoti yalishaanza kumgomea. Binti yake alimpigia simu kila wiki kumsihi mama yake astaafu, akisema miamba haina miguu, haitamkimbia.

Mwezi ule alikuta vidimbwi viwili vimekauka kabisa. Cha tatu kilikuwa na kina cha vidole vinne, na kando yake aliketi mzee mmoja, kifundo cha mguu kimevimba. Alikuwa mwalimu mstaafu. Kibali chake kilikuwa cha siku moja, naye alikuwa ameshalala humo usiku mzima. Askari alitaka kumgombeza, akakosa hata nguvu za kugomba. Akamfunga mguu kwa kitambaa na kumgawia maji yake. Simu ya upepo haikushika kule chini, kwa hiyo wakaondoka, mzee kamwegemea begani, hatua kumi kisha pumziko.

Njiani mwalimu alimweleza kuwa kwa miaka thelathini alichora makorongo ubaoni kwa chaki, asiwahi kuliona hata moja. Akamuuliza yeye huona nini humu.

"Mwalimu, siku hizi siangalii. Natazama pa kukanyaga tu."

Mzee hakucheka. Alimwomba wasimame kidogo. Jua lilikuwa limeufikia ukuta wa mbele, tabaka juu ya tabaka, jekundu, la kijivu, jekundu tena. Askari aliona kwamba ni pazuri kweli. Aliona pia kwamba uzuri ule haumpunguzii uchovu hata chembe, na hilo hakuwahi kulikiri.

Walifika langoni alasiri, mwalimu akachukuliwa na gari kupelekwa zahanati. Asubuhi yake askari alimpelekea mkuu wake barua ya kuomba kazi ya ofisini.

Mkuu aliisoma mara mbili. "Sasa dada, njia za kule nani anazijua?"

Hakuwepo mwingine. Askari akavuta kiti, akaomba karatasi kubwa na penseli. Alichora ramani ya njia zile kwa siku tatu: mwamba unaoteleza, pango la nyuki, kona inayopoteza watu. Siku ya tatu usingizi ukamchukua palepale mezani, na mkuu akawaambia watu wapite polepole.