Vyumba Sita vya Mnyapara

Yule mnyapara wa zamani wa reli ana mkono wa kugonga kuta. Kila asubuhi huizunguka nyumba yake ya vyumba sita pale Mwembesongo, anagonga udongo kwa vifundo vya vidole kama anayewapigia hodi mchwa, anatega sikio, anaguna. Rupia zote alizolipwa na Mdachi ziko humo: kodi za wapangaji zimlishe uzeeni, na akifa zimlishe Pili, bintiye aliyeukanda udongo ule kwa miguu mpaka nyayo zikapasuka. Lakini kwetu Waluguru mali ya marehemu huchukuliwa na wapwa, watoto wa dada. Basi juzi kaja mpwa wake kutoka mlimani, hata maji hajanywa, kaanza kupima vyumba kwa kamba.

"Shikamoo, mjomba. Napima tu, nisije nikahangaika siku ya msiba."

Mwaka mzima wa kujenga huyo hakuleta hata ufito mmoja. Mzee akajilaza chali sakafuni, akanyoosha miguu.

"Marahaba. Nipime na mimi basi, bwana mkubwa. Kaburi langu utachimba wewe, hiyo ndiyo haki yako. Nyumba nimemwandikia Pili mbele ya akida wa serikali, tangu Ijumaa."