Mbwa Aliyeandikwa

Mwaka 2013 nilikuwa bwana mifugo, ingawa ni mwanamke. Kule Kasulu cheo hicho hakiangalii gauni wala kilemba. Asubuhi napita njiani, watu wananisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, bwana mifugo," na wala hawatanii. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Baadaye nikachoka, nikaitika.

Mimi ni mtu wa Korogwe, nimelelewa nyumba ya Kiislamu. Mama aliposikia kwenye simu kwamba kazi yangu sasa ni kushika mbwa, alitaka nirudie mara mbili. Kisha akauliza, "Na maji huko yapo?" Yapo, mama. Kila nikitoka kazini nilikuwa nanawa mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofundishwa, na udongo Kasulu si kitu cha kutafuta. Unao mpaka kwenye masikio.

Kazi hiyo ya mbwa ililetwa na shirika moja la hisani lililokuwa linatibu wanyama wa watu wasio na uwezo, bure kabisa. Mbwa na paka. Ofisini wenzangu walicheka. Ng'ombe hawajapata dawa, mbuzi hawajapata dawa, eti paka! Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshamwona mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, nikamwona anavyokiogopa kikombe cha maji. Kwa mwanakijiji wa kawaida, sindano ya chanjo ilikuwa ghali kuliko mbwa mwenyewe, sasa nani angejisumbua? Kwa hiyo shirika lilipokuja na boksi lao la barafu, niliwapokea kwa mikono miwili.

Tulianza na kijiji kimoja njia ya Kitanga. Kila mbwa tuliyemchanja tulimfunga utepe mwekundu shingoni. Na hapa lazima niseme jambo ambalo wakati ule sikuwaambia wenye mbwa. Kichaa kilikuwa kimeingia vijiji vya jirani, na wakubwa walikuwa wameshaamua kwamba wiki moja baada ya chanjo watapita askari wenye bunduki, na mbwa yeyote asiye na utepe apigwe risasi. Mimi nilijua. Mtendaji wa kijiji alijua. Tukakubaliana tusiseme mapema, maana watu wakisikia neno bunduki wangewaficha mbwa wote porini na chanjo ingeharibikia kwenye boksi. Niliona tumepanga vizuri. Nilijiona nina akili sana.

Tangazo niliandika mimi, mtendaji akalisoma kwenye kipaza sauti. Niliandika kwamba huduma hii ni kwa ajili ya wasiojiweza. Nilitaka watu waelewe kwamba ni bure, basi. Wao wakaelewa vingine. Kijiji kile kilikuwa kimeshapokea misaada ya kila namna, neti, mbegu, madaftari ya shule, na watu walijua mambo yanavyokwenda: ukionekana una viwili, unakatwa. Mtu anayelisha mbwa wawili atasemaje kwamba hajiwezi? Siku ya chanjo wakaja foleni imenyooka, kila mtu na mbwa mmoja kwenye kamba ya mgomba. Hakuna hata mmoja aliyekuja na wawili. Nikawaambia wale wa shirika, kifua mbele, "Mnaona watu wangu walivyo na utaratibu?"

Jamani. Mjinga nilikuwa mimi.

Katika foleni ile alikuwemo bibi mmoja, mjane, ameshika dume kubwa la kahawia lenye sikio lililochanika. Aliishi peke yake pembeni mwa msitu. Shamba lake la mahindi lilikuwa la mwisho kabisa, ukitoka hapo ni nyani. Mwezi ule mahindi yalikuwa yameanza kukomaa.

"Bila huyu," aliniambia, "nalima kwa ajili ya nyani."

Nilimsafisha yule mbwa sikio, nikampa dawa ya minyoo, nikamchoma sindano. Bibi alimshika kichwa mwenyewe, anamnong'oneza kwa Kiha, na mbwa hakutikisika. Nikamfunga utepe, nikafungua daftari.

"Una mbwa wangapi, bibi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu, mwanangu."

Nikaandika jina lake na kitongoji chake, halafu: dume, kahawia, miaka mitatu, amechanjwa. Alisogea akawa anaiangalia kalamu inavyokwenda. Kusoma hakujua.

"Umeshamwandika?"

"Nimeshamwandika."

"Haitafutika?"

"Ni wino huu, bibi. Haufutiki."

Akacheka. Aliondoka ameridhika kuliko mtu yeyote siku ile, na mimi nikadhani ni kwa ajili ya sikio.

Ningekuwa na macho ningeelewa. Ile ni nchi ya mpakani. Nenda Manyovu, nenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kote huko aliyeandikwa anapita na anakula, asiyeandikwa anarudishwa. Watu wa kijiji kile waliwahi kuona majirani zao wakipakiwa kwenye lori na magodoro yao kwa sababu tu majina hayakuonekana kwenye karatasi. Utepe waliuona kama pambo. Daftari ndilo walilolitazama.

Askari walikuja Jumanne, mapema kuliko nilivyoambiwa. Mimi nilikuwa kitongoji cha pili namsafisha paka kidonda. Mtendaji alikuwa amezunguka na kipaza sauti asubuhi ile ile akisema mbwa mwenye utepe ataachwa, asiye nao atauawa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba nusu ya kijiji walikuwa na mbwa wa pili nyumbani. Watu wakawa wanakimbia huku na huku, wengine wanaukata utepe vipande viwili wagawie mbwa wawili. Niliposikia mlio wa kwanza nilimwachia mwenye paka pamba mkononi, nikarukia pikipiki.

Nilipofika kwa bibi, dume la kahawia lilikuwa limelala mbele ya jiko. Lilikuwa limekufa. Shingoni halikuwa na kitu. Kando yake, amefungwa kwenye nguzo, alikuwepo jike jeusi ambaye sikuwahi kumwona, anatetemeka mzima mzima, na shingoni ana utepe mwekundu uliokazwa kwa mafundo mawili.

"Bibi, huyu jike ni wa nani?"

"Wangu."

"Sasa kwa nini umemvua mwenzake utepe?"

Alinieleza polepole, kama anayemfundisha mgeni njia. "Huyu jike hajaandikwa. Yule ameandikwa, utepe wa nini tena? Nilimwambia askari, huyu yumo kwenye daftari la bwana mifugo, kamuulize. Akasema yeye hana habari ya daftari."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba, begani kwangu.

"Si ulimwandika?" akauliza.

"Nilimwandika, bibi."

"Nionyeshe."

Nikafungua, nikaweka kidole kwenye mstari wake. Dume, kahawia, miaka mitatu. Aliuangalia ule mstari, akamwangalia mbwa, akauangalia tena.

Ningependa kusema nilimwomba radhi pale pale. Sikumwomba. Nililia, halafu nikapandwa na hasira. Nilimfokea askari, nikamfokea mtendaji mbele ya watu, nikamfokea hata dereva wa gari la askari ambaye hakuwa na kosa lolote. Nina mdomo, na siku ile niliutumia kwa kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Siku tatu baadaye nilirudi peke yangu na dozi moja niliyoiomba kwa wale wa shirika. Nyani walikuwa wameshaingia. Mistari ya pembeni ilikuwa imelala chini, magunzi yametupwa kila mahali, na yule jike amejikunja kwenye kivuli cha nyumba. Kazi ya shambani hakuifahamu. Bibi alikuwa na debe na fimbo, analigonga mwenyewe tangu alfajiri, sauti imemkauka.

Nikakaa chini nikamwambia yote. Kwamba tangazo niliandika mimi. Kwamba habari ya bunduki nilikuwa naijua tangu kabla hajafika kwenye foleni, na nilinyamaza kwa makusudi.

"Ulijua?"

"Nilijua, bibi. Nisamehe."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliinuka, akamfuata jike, akapiga goti na kumshika kichwa vilevile alivyomshika yule wa kwanza. Nikamchoma. Jike alilia kidogo, basi. Nikafunga dawa, nikanawa, nikatoa daftari na kalamu kama kazi inavyotaka, nikaufungua ukurasa mpya.

Bibi akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Sindano nashukuru, mwanangu," akasema. "Lakini huyu usimwandike."