Mlango kati ya Uchumi na Fedha

Wizara ya Uchumi na Fedha ilizaliwa moja, ikagawanywa, ikaunganishwa, ikapewa jina jipya, kisha ikagawanywa tena. Wakubwa waliita hayo mageuzi. Seremala wao, ambaye kila mtu alimwita Randa, aliyaita kazi. Wakitengana alijenga ukuta, wakipatana aliubomoa, na hakuwahi kulalamika.

Ukuta wa kwanza, lakini, nusura umtoe roho.

Wakati huo Randa alikuwa kibarua tu, na alikuwa amempenda mpiga chapa mmoja wa upande wa Uchumi, dada mcheshi mwenye ulimi mwepesi. Baba wa binti alikuwa ameshatoa neno lake: bintiye haolewi na mtu anayeamka asubuhi hajui kama leo ana kazi. Kwa hiyo Randa alikuwa akiililia ajira ya kudumu usiku na mchana.

Ndipo wizara ikagawanywa. Watu wa Uchumi walikuwa wakipanga, watu wa Fedha wakisema hakuna hela, mpaka wakachokana. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Katibu Mkuu wa Fedha, mzee mkali aliyevaa tai hata Jumamosi, akamwita Randa.

"Funga korido ya ghorofa ya pili katikati, toka sakafuni mpaka darini. Sitaki hata panya apite."

"Sawa, mzee."

Randa alijenga mwisho wa juma lote. Lakini kila ubao aliopigilia ulimchoma moyoni, maana mpenzi wake alikuwa anabaki ng'ambo. Mapenzi hayana macho. Akaweka mlango, bawaba kwa ndani, rangi ileile, usiouona mpaka uonyeshwe. Akamwonyesha mtu mmoja tu.

Jumatatu asubuhi alikuwa anapenya na vikombe viwili vya chai mkononi, akakutana uso kwa uso na Katibu Mkuu.

"Huu nini?"

"Mlango, mzee."

"Nilikwambia ujenge mlango?"

Chai ikamwagikia viatu vya Randa.

"Kusanya vifaa vyako. Leo ndiyo mwisho wako hapa."

Maji yakamfika shingoni. Kazi imekwenda, na mke pia amekwenda. Alikuwa anainama kuweka vikombe chini mlango uliposukumwa kwa nguvu, akaingia Waziri wa Uchumi, mtu mnene, jasho likimtiririka. Hakusalimia mtu. Alikata kona mbio kuelekea vyooni, na nyuma yake wakaja maofisa wake, wote wana haraka ileile. Mpiga chapa ndiye aliyewaongoza.

Maana vyoo vyote vya ghorofa ile vilikuwa upande wa Fedha, na katika vikao vyote vya kugawana wizara hakuna aliyelikumbuka hilo. Waligawana mafaili, magari, hata mapazia. Choo, kimya!

Waziri alirudi ametulia, uso umekunjuka.

"Nani aliyefikiria mlango huu?"

Katibu Mkuu akakohoa. "Ni... fundi wetu, mheshimiwa."

"Mmemwajiri?"

"Kibarua."

"Basi mkimwacha, sisi tunamchukua leoleo."

Uchumi wachukue kitu cha Fedha? Katibu Mkuu akakaza tai. "Hatumwachi, mheshimiwa. Barua yake ya ajira inatoka leo."

Na kweli ilitoka, na ndani yake akasifiwa kwa kuona mbali. Jioni Randa alimkuta mpiga chapa akimngoja kwenye ngazi. Furaha ilimjaa, ila sifa ile aliona si yake.

"Ofisi nzima wanakuimba," binti akasema. "Eti fundi ana akili, amewakumbuka watu na haja zao."

"Nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Choo sikukikumbuka hata kidogo."

"Sasa mlango uliweka wa nini?"

Randa akatazama viatu vyake vilivyolowa chai. "Nilishindwa kukufungia ng'ambo. Nilijaribu, mkono ukakataa."

Binti akakaa kwenye ngazi, akamvuta Randa akae karibu naye.

"Hapo kabla ya Waziri kuja," akasema, "nilisikia unafukuzwa. Nikaogopa. Waziri hata hakuwa ameuliza njia. Nilimfuata mwenyewe nikamwonyesha mlango."

"Kumbe!"

"Jumapili njoo uongee na baba. Na usichelewe, nishamwambia unakuja."